Mtanganyika ni Nani?

Desemba iliyopita, kwenye sherehe yetu ya Uhuru hapa Edmonton, binti yangu wa miaka kumi na mmoja aliniuliza mbele ya wageni: "Mama, mimi ni Mtanzania au Mwingereza?" Nikamwambia ale pilau kwanza. Namjibu sasa.

Mwanangu, wakati wa Waingereza kila kitu kwetu kiligawanywa kwa rangi. Mimi nesi huanza na hospitali: Dar es Salaam, Mzungu alitibiwa Ocean Road na Mwafrika Sewa Haji. Shule vivyo hivyo, na mishahara pia.

Oktoba 1961, uhuru ukiwa umebakiza wiki chache, wabunge walikutana Ukumbi wa Karimjee kujadili muswada wa uraia. Baadhi yao walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Siwashangai, maana kidonda kilikuwa kibichi. Lakini Mwalimu Nyerere aliwaka. Alisema kubagua watu kwa rangi ndiko hasa walikokuwa wakikupigania kukuondoa, akawafananisha na Hitler, na akaweka wazi kwamba muswada ukikataliwa serikali yake itajiuzulu. Ukapita. Tarehe 9 Desemba, aliyezaliwa Tanganyika na ambaye mzazi wake mmoja alizaliwa huko akawa raia, awe Mmakonde, Mhindi au Mzungu. Amir Jamal na Derek Bryceson walikuwa mawaziri, ingawa TANU yenyewe haikupokea wanachama wasio Waafrika mpaka 1963! (Chama kilichelewa nyuma ya serikali yake.)

Sikwambii waasisi walikuwa malaika. Mwaka 1962 Bunge hilo hilo lilipitisha sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani, na wapo waliokaa humo miaka.

Sheria ya uraia nayo ilitaka mtu achague nchi moja, na kwa watu wazima bado ni hivyo. Nilichagua miaka kadhaa baada ya kupata shahada yangu ya uuguzi hapa. Nilijaza fomu asubuhi, nimetoka zamu ya usiku, sare bado mwilini. Bibi yako alilia kwenye simu kutoka Moshi. Leo nikienda kumwona, natua KIA na kulipia viza kama mtalii, na kila mara koo hunikauka pale dirishani. Hoja ya kulinda uaminifu kwa nchi changa naielewa. Kwamba ingali na nguvu ile ile leo, sikubali.

Kwa hiyo kwa karatasi wewe ni Mwingereza, na mimi pia. Ila shuleni akitokea mtu akakwambia huwezi kuwa Mwingereza kwa sababu ya ngozi yako, mwambie jambo hilo lilijadiliwa Karimjee kabla mama yako hajazaliwa, na upande wake ulishindwa.

La Utanzania wako niulize tena mwaka huu. Sitakwambia ule kwanza.