Irabu tano na safari ndefu ya mtoto wa darasa la kwanza

Kila Januari watoto wetu huingia Gredi ya 1 wakiwa wamebeba mikoba mipana kuliko migongo yao. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019 uliwapangia shughuli za Kiswahili, Kiingereza, lugha ya kiasili, hisabati, mazingira, usafi na lishe, dini, pamoja na michezo na sanaa. Ukiitazama orodha hiyo unaweza kudhani mtoto wa miaka sita anaenda kusomea shahada. Lakini mwalimu yeyote aliyewahi kulishika darasa hilo atakwambia kwamba kazi kubwa ya mwaka ule ni moja tu: mtoto agundue kwamba alama zilizo ubaoni zinasema, tena zinasema maneno anayoyajua. Hayo mengine yote yanasimama juu ya msingi huo.

Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba kwa takriban miaka mia moja tumebishana kuhusu lugha ya darasa la kwanza kana kwamba ni suala la hadhi, siasa au ajira. Swali dogo tumelipita mara nyingi: je, mtoto anaelewa anachokisoma?

Tuanze na msamiati wenyewe wa darasani, maana maneno huhifadhi historia kuliko majalada mengi ya serikali. Vitenzi 'soma' na 'andika' ni vya Kibantu. 'Andika' hadi leo kina maana ya kupanga vyombo pia, ndiyo maana tunasema kuandika meza. 'Kitabu', 'kalamu', 'herufi', 'darasa' na 'irabu' ni maneno yenye asili ya Kiarabu. 'Shule' ni neno la Kijerumani lililoenea kutoka Tanganyika, na 'penseli' limetoka katika Kiingereza. Kwa hivyo mtoto anayelia kwamba amesahau kitabu na penseli shuleni amewataja, bila kujua, wageni watatu waliopita katika elimu ya Afrika Mashariki.

Neno 'irabu' lina kisa chake. Katika miji ya Lamu, Pate na Mombasa, mtoto alipelekwa chuoni zamani sana kabla ya shule za wamisheni. Alianza na alifu, be, te kwenye ubao wake. Kisha alifundishwa irabu, yaani zile alama ndogo za juu na chini ya herufi zinazomwelekeza msomaji atamke a, i au u. Lengo la kwanza lilikuwa kuisoma Kurani, na wengi waliisoma kabla ya kukielewa Kiarabu. Hata hivyo, hati hiyohiyo ndiyo iliyotumiwa kuandika barua na tenzi za Kiswahili. Aliyeendelea na masomo aliweza kuyageuza maarifa yale yakahudumia lugha ya nyumbani kwao. Leo tunaposema irabu ni a, e, i, o, u, tunatumia istilahi ya chuoni kwa herufi za Kirumi.

Herufi hizo za Kirumi zilisambazwa na wamisheni. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka wa 1844, na akiwa Rabai yeye na wenzake wakaanza kuziandika lugha za wenyeji. Kwa wamisheni, kusoma na kubatizwa vilikwenda sako kwa bako. Miongoni mwa Wakikuyu, Wakristo wa mwanzo waliitwa 'athomi', yaani wasomaji, kutokana na kitenzi ambacho ni ndugu wa 'soma' ya Kiswahili. Ona basi: kitendo cha kukijua kitabu kilikuwa kimegeuka kuwa jina la watu wa aina mpya.

Serikali ya kikoloni nayo ikaingia. Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika Mashariki mwaka wa 1924 na ambayo James Aggrey kutoka Gold Coast alikuwa mwanachama wake, ilipendekeza watoto waanze kwa lugha zao kabla ya kufikia Kiingereza. Mwaka wa 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ili kusanifisha Kiswahili, na kazi yake moja ilikuwa kuweka tahajia moja kwa vitabu vya shule. Lakini upepo ukageuka. Ripoti ya Beecher ya 1949 ilikipunguzia Kiswahili nafasi katika madarasa ya chini, na Tume ya Kifalme ya 1953 hadi 1955 ikaona kwamba kukifundisha kama lugha ya pili kwa watoto wenye lugha nyingine ni kupoteza wakati.

Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake Decolonising the Mind cha 1986, anaeleza alivyoyapitia mabadiliko hayo akiwa mwanafunzi Limuru. Miaka yake minne ya kwanza shuleni alisomeshwa kwa Kikuyu, na lugha ya darasa ikawa ndiyo lugha ya shambani na ya hadithi za jioni. Baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka wa 1952, Kiingereza kikatawala. Aliyenaswa akisema Kikuyu alichapwa, akatozwa faini au akavishwa kibao shingoni cha kumfedhehesha. Wapo wasomaji wa safu hii ambao nao walivishwa 'diski' ya aina hiyo miongo mingi baada ya uhuru.

Hapo ndipo tunafika kwenye kisa ambacho naona hakisimuliwi vya kutosha. Mwaka wa 1957, jijini Nairobi, kulianzishwa jaribio la kuwafundisha watoto wa Kiasia kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza. Jaribio lenyewe lilikuwa na mantiki: katika darasa moja ungepata watoto wanaosema Kigujarati, Kipunjabi na lugha nyingine, na hakukuwa na moja ya kuwaunganisha. Mbinu hiyo, iliyokuja kujulikana kama New Primary Approach au NPA, ilikuwa na mazuri yake. Watoto walifanya kazi kwa vikundi, wakachezea vifaa, wakasimuliana picha. Walimu wake walipewa mafunzo na wakafuatiliwa kwa karibu.

Mambo yaliharibika pale mbinu hiyo ilipoenezwa kwa haraka mashambani. Tume ya Ominde ya mwaka wa 1964 iliunga mkono Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Kiswahili kikapendekezwa kiwe somo la lazima, na lugha za mama zikaachiwa kipindi cha kila siku cha kusimulia hadithi na shughuli kama hizo. Si vigumu kuelewa kwa nini wazazi walishangilia. Kwa miaka mingi waliona Kiingereza kikifungua milango ya ofisi ambazo wao walifunguliwa za uani tu. Uhuru ulipokuja, walitaka watoto wao wapitie mlango wa mbele. Lakini walimu wengi hawakuwa na mafunzo wala vifaa vya NPA. Kilichosafiri hadi kijijini kikawa Kiingereza peke yake, bila ile mbinu.

Matokeo yake wengi wetu tunayakumbuka. Mimi niliketi katika darasa la kwanza ambapo mwenzetu mmoja alisifiwa kuwa msomaji hodari. Siku moja mwalimu alimfunga kitabu katikati ya ukurasa, naye akaendelea 'kusoma' hadi nukta ya mwisho, kwa sauti ileile, bila kutetereka. Alikuwa amekariri mlio. Sidhani alijua hata sentensi moja ilimaanisha nini, na sisi tuliompigia makofi hatukujua pia.

Majirani zetu walichukua njia nyingine. Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la 1967, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia elimu yote ya msingi. Kwetu, Ripoti ya Gachathi ya mwaka wa 1976 ilirejea kwenye wazo la zamani: miaka mitatu ya kwanza ifundishwe kwa lugha inayotumika zaidi katika eneo la shule. Taasisi ya elimu ikatoa vitabu vya mfululizo wa Tujifunze Kusoma Kikwetu, maarufu kama TKK, kwa lugha mbalimbali za nchi. Tume ya Mackay ya 1981 nayo ikazaa mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985 na kukifanya Kiswahili kiwe somo la kutahiniwa. Karatasini, basi, mtoto alikuwa amelindwa. Darasani ilikuwa hadithi nyingine, maana mtihani wa darasa la nane uliandikwa kwa Kiingereza, isipokuwa wa Kiswahili. Mzazi alijiuliza: kama safari inaishia huko, mbona tusianzie huko?

Mwaka wa 2003 elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa ya bure, shule zilifurika. Mwaka uliofuata Kimani Maruge, mzee wa miaka 84 aliyepigana katika vita vya Mau Mau, alijiandikisha darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, akavaa kaptura na soksi ndefu kama wenzake. Alisema alitaka kujisomea Biblia na kuhesabu fedha zake mwenyewe. Nadhani hakuna tume iliyowahi kulieleza lengo la darasa la kwanza kwa uwazi kama huo. Mzee Maruge hakutaka sauti ya kusoma. Alitaka maana, ili asidanganywe.

Lakini kufurika kwa madarasa si kusoma. Tathmini za Uwezo zilizoanza mwaka wa 2009 zilionyesha kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawakuweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Ndipo mwaka wa 2015 ukaja mradi wa Tusome, uliompa kila mtoto wa darasa la kwanza kitabu chake cha Kiswahili na cha Kiingereza, na kumrejesha mwalimu kwenye sauti za herufi. Ba, be, bi, bo, bu. Wapo waliocheka kwamba tumerudi zamani.

Mimi sikucheka, kwa sababu hapo ndipo Kiswahili kina mtaji wake. Irabu zetu ni tano na kila moja ina sauti moja. Akishajua 'ma' na 'ba', mtoto anaweza kusoma 'mama', 'baba' na 'bamba' bila kumuuliza mtu. Kiingereza humtaka akariri kwamba 'though', 'through' na 'enough' zina herufi zilezile za mwisho ilhali hazifanani kwa sauti hata kidogo. Hata katika hesabu, 'kumi na moja' inamwambia mtoto waziwazi kwamba kuna kumi, kisha kuna moja. 'Eleven' haimwambii lolote.

Wapo watakaoniuliza: na mtoto wa Lodwar au Nyamira ambaye Kiswahili kwake ni kigeni pia? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba hoja hii haikitetei Kiswahili peke yake. Mtoto wa Kiturkana na aanze kwa Kiturkana, ambacho nacho huandikwa kwa herufi hizihizi. Yule wa Kayole au Kongowea, ambaye darasa lake lina makabila kumi, na aanze kwa Kiswahili kinachowaunganisha uwanjani. Kiingereza kifunzwe kama somo tangu mwanzo, tena kifunzwe vizuri. Ujuzi wa kusoma hupatikana mara moja tu. Ukishaupata katika lugha unayoielewa, unahama nao kwenda lugha nyingine.

Shida ni kwamba hadi leo shule nyingi huwapa watoto intavyuu za kuingia Gredi ya 1 kwa Kiingereza, na mzazi hujivunia majirani wakisikia. "Wako ameanza kuongea Kizungu?" ndilo swali la mtaani. Ningependa tulibadilishe. Jioni moja juma hili, mpe mwanao wa Gredi ya 1 ukurasa mmoja asome. Akimaliza, funga kitabu, umwombe akusimulie kwa lugha yoyote aipendayo yaliyotokea katika hadithi ile. Jibu lake litakueleza alichojifunza mwaka huu kuliko ripoti yoyote itakayoletwa nyumbani.