Pushkin: Mhamishwa Aliyeisifu Dola

Wahenga walinena kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Alexander Pushkin (1799–1837), malenga mkuu wa Kirusi, aliumwa na dola, lakini hakuacha kuisifu.

Mwaka 1820, alipokuwa na umri wa miaka 20, Mfalme Alexander I alimhamishia kusini kwa sababu ya tungo zake za kutaka uhuru. Huko alitunga "Mfungwa wa Kaukasi" (1822). Utenzi huo unamsikitikia mfungwa mmoja wa Kirusi, ilhali tamati yake inawatukuza majenerali waliokuwa wakiwatiisha watu wa milimani. Rafiki yake, mshairi Vyazemsky, alichukizwa mno; kwake yeye, ushairi haukuumbwa kuwapamba wauaji.

Mwaka 1826 mfalme mpya, Nicholas I, alimrejesha Pushkin Moscow na kujitwalia mwenyewe kazi ya kuyakagua maandishi yake. Mjini humo Pushkin alikutana na Adam Mickiewicz, mshairi wa Kipolandi aliyekuwa amehamishiwa Urusi mwaka 1824. Wahamishwa hao wawili wa dola moja wakawa marafiki. Lakini Wapolandi walipoasi, na majeshi ya Urusi yakaiteka Warsaw mwaka 1831, Pushkin alitunga beti za kushangilia. Mwaka uliofuata Mickiewicz, akiwa ughaibuni, alitoa sehemu ya tatu ya "Dziady". Humo aliusawiri mji wa St. Petersburg kuwa umesimama juu ya maiti za wanyonge, na akawalaumu marafiki Warusi waliomuuzia mfalme nafsi zao.

Pushkin alizinakili kwa mkono wake baadhi ya tungo hizo, kwa Kipolandi chake mwenyewe. Mwaka 1833 akatunga "Mpanda Farasi wa Shaba". Utenzi unaanza kwa kuusifu mji huo na Peter I aliyeuasisi; kisha unamfuata Yevgeny, karani maskini aliyempoteza mchumba wake katika gharika ya 1824. Akiwa amerukwa na akili, Yevgeny anathubutu kuitishia sanamu ya mfalme, nayo sanamu inamwandama usiku kucha.

Uhamisho peke yake haukumfunza Pushkin kuuona uchungu wa waliotawaliwa. Huenda lawama ya rafiki ilimgusa zaidi. Nicholas, kwa upande wake, alijua kipi cha kupitisha. Beti za Warsaw zilichapishwa mwaka uleule wa 1831. Kisa cha Yevgeny kilingoja hadi 1837, mtunzi akiwa kaburini, na hata hapo kilitoka kikiwa kimerekebishwa.