Nani hupanga mwendo wa magari barabarani? Mfano wa Marekani

Dereva anayekipita kibao chenye namba ya mwendo hudhani kuwa namba hiyo imetokana na vipimo vya wahandisi: upana wa barabara, ukali wa kona, umbali wa kuona mbele. Vipimo hivyo vipo. Hata hivyo, historia ya Marekani, nchi ambayo maisha yake ya kila siku yameegemea gari, inaonyesha kuwa namba hiyo hupita pia mikononi mwa wabunge, marais na majaji, na mara nyingine mikononi mwa wahasibu.

Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliweka kikomo kimoja cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi ya nchi nzima. Nchini Marekani mambo si hivyo, kwani mamlaka ya kupanga mwendo ni ya majimbo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 majimbo kadhaa ya magharibi yaliruhusu maili 70 au 75 kwa saa, yaani kilomita 113 hadi 121. Montana na Nevada hayakuwa na namba yoyote nje ya miji nyakati za mchana. Dereva alitakiwa tu kuendesha kwa busara.

Vita vya Mashariki ya Kati vya Oktoba 1973 ndivyo vilivyobadili hali hiyo. Nchi za Kiarabu zilisitisha kuiuzia Marekani mafuta, na foleni ndefu zikaonekana kwenye vituo vya petroli. Novemba 25 mwaka huo, Rais Richard Nixon alipendekeza maili 50 kwa magari madogo na 55 kwa malori na mabasi. Mwezi uliofuata madereva wa malori waliziba barabara kuu katika majimbo kadhaa, wakilalamikia bei ya dizeli pamoja na mwendo huo mdogo. Januari 2, 1974, Nixon alitia saini sheria iliyoweka maili 55, takriban kilomita 89 kwa saa, kwa magari yote.

Swali la kisheria lilikuwa moja: serikali kuu ingewezaje kupanga jambo lililo chini ya majimbo? Sheria hiyo haikuyaamuru majimbo. Iliyashika mahali panapouma. Jimbo ambalo lingeacha mwendo uzidi maili 55 lisingeidhinishiwa miradi ya barabara kwa fedha za serikali kuu, na fedha hizo zilikuwa zikigharimia asilimia 90 ya ujenzi wa barabara kuu zinazounganisha majimbo. Majimbo yote yalitii ndani ya miezi michache.

Kutii kulikuwa na namna zake. Montana ilitunga kosa la kupoteza rasilimali bila sababu, na faini yake ikawa dola tano tu. Askari alimsimamisha dereva, dereva akalipa dola zake, akaendelea na safari. Sheria ya Washington ilikuwa imetekelezwa kwa herufi zake, na fedha za barabara zikaendelea kuingia.

Akiba ya mafuta iliyopatikana ilikuwa ndogo kuliko ilivyotarajiwa. Kilichowashangaza wengi ni vifo vya barabarani, vilivyoshuka kutoka takriban 54,000 mwaka 1973 hadi takriban 45,000 mwaka 1974. Sehemu ya upungufu huo ilitokana na watu kusafiri kidogo kwa sababu ya uhaba wa mafuta. Lakini sheria iliyozaliwa kwa ajili ya petroli ilikuwa imepata hoja mpya ya kuishi, na Januari 1975 Rais Gerald Ford aliifanya ya kudumu. Mwaka 1984 Baraza la Taifa la Utafiti la nchi hiyo lilikadiria kuwa ilikuwa ikiokoa maisha ya watu kati ya 2,000 na 4,000 kila mwaka.

Takwimu hizo hazikutosha kuilinda. Mafuta yaliposhuka bei, uvumilivu wa madereva ulikwisha, hasa magharibi, ambako mji na mji hutenganishwa na mwendo wa saa nyingi za nyika tupu. Mwaka 1986 Nevada ilijaribu kuruhusu maili 70, ikatishiwa fedha zake mara moja, na ikarudi nyuma. Ilipokwenda mahakamani, ilishindwa katika rufaa mwaka 1989. Bungeni upepo ulikuwa umekwisha kugeuka. Aprili 1987 Seneti ilibatilisha kura ya turufu ya Rais Ronald Reagan kwa kura 67 dhidi ya 33, idadi ile ile hasa iliyohitajika, na kupitisha sheria kubwa ya barabara. Ndani ya sheria hiyo kulikuwa na ruhusa ya maili 65 katika barabara kuu za vijijini.

Chama cha Republican, kilichotwaa mabunge yote mawili katika uchaguzi wa 1994 kikidai madaraka yarudi majimboni, kilimalizia kazi hiyo. Novemba 28, 1995, Rais Bill Clinton alitia saini sheria iliyofuta kikomo cha kitaifa, huku akieleza wasiwasi wake juu ya usalama.

Montana ilirudi kwenye busara yake ya mchana, lakini haikudumu nayo. Dereva mmoja aliyeshitakiwa kwa kwenda maili 85 alikata rufaa. Askari aliyemkamata alisema mwendo huo haukuwa wa busara, lakini hakutaja ni mwendo upi ungekuwa wa busara. Desemba 1998 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua kuwa sheria isiyomwambia raia anaanza kukosa wapi haiwezi kumtia hatiani. Mwaka 1999 bunge la jimbo liliweka maili 75.

Wahandisi nao wana kanuni yao ya miaka mingi: hupima magari yanayopita, kisha hutafuta mwendo ambao madereva 85 kati ya 100 hawauzidi, na kikomo huwekwa karibu na hapo. Ni kanuni ya ajabu kidogo, kwa kuwa humpa anayedhibitiwa nafasi ya kumpangia mdhibiti. Watembea kwa miguu hawahesabiwi humo.

Texas ilikwenda mbali zaidi. Barabara ya kulipia namba 130, karibu na mji wa Austin, iliyofunguliwa Oktoba 2012, iliwekewa maili 85, kilomita 137 kwa saa, kikomo cha juu kuliko vyote nchini humo. Mkataba na kampuni iliyoijenga ulieleza kuwa kwa maili 80 jimbo lingelipwa dola milioni 67, na kwa maili 85 milioni 100. Jimbo lilichagua milioni 100. Machi 2016 kampuni hiyo iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake. Kikomo cha maili 85 kimebaki.