Pwagu na Jibu Lake: Matusi ya Utani kutoka Msibani Kilosa hadi Kwenye Luninga

Kaburi lilikuwa tayari na jeneza limeshushwa kutoka mabegani, lakini maziko hayakuendelea. Ndani ya shimo alikaa mama wa makamo, khanga kaifunga kiunoni, miguu kainyoosha kama aliye kwenye mkeka wake nyumbani. Hapo ni Tindiga, wilayani Kilosa, na mama yule alikuwa mtani wa ukoo wa marehemu.

Asubuhi alipoingia msibani, mzee mmoja wa wafiwa alimpokea kwa swali: "Umekuja kulia au kula?" Akajibu bila kupepesa: "Nimekuja kuhakikisha kama amekufa kweli. Alikuwa na deni langu, na nyie wa ukoo huu mkimwona mdai mnajifanya maiti." Waliokuwa wakilia wakaangua kicheko, machozi hayajakauka. Mzee hakukubali kuachwa hapo. "Basi deni lako anaondoka nalo. Lifuate humo humo." Ndiyo hivyo, akalifuata. Hakutoka shimoni mpaka wafiwa walipochangishana noti chache na kumwekea mkononi. Akazihesabu mara mbili mbele ya umati, akapewa mkono, akapanda juu, kisha akawa wa kwanza kutupa udongo. Alikuwa analia.

Kila nikitazama vichekesho vya Kitanzania kwenye luninga, mama yule hunijia. Waandishi wengi wa burudani wanavieleza vichekesho vyetu kama kitu kilichokuja na televisheni, kana kwamba kabla ya kamera watu walikaa kimya. Mimi naona kamera ilikuta kazi inaendelea. Yule mzee na yule mama walikuwa na kila kitu ambacho mchekeshaji wa luninga anakitafuta: tusi linalouma bila kujeruhi, jibu linalolizidi tusi, na watazamaji wanaojua mapema kwamba hakuna atakayekasirika.

Kwamba mfano wangu unatoka Kilosa si bahati tu. Neno tindiga lenyewe lina maana ya ardhi ya majimaji, kinamasi, na upande huu wa mbuga za Mkata ndiko misafara ya karne ya 19 ilikopita ikitoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Henry Morton Stanley alipavuka Mkata mwaka 1871 wakati wa masika na akapalaani kwa kurasa nyingi. Wapagazi wa Kinyamwezi walipavuka mara kwa mara, mzigo begani, kwenda na kurudi. Mpagazi akiugua njiani, nani amtunze? Akifa ugenini, nani amzike? Hapo ndipo utani wa makabila ulipofanya kazi: mtu wa njiani ambaye si ndugu yako, mwenye ruhusa ya kukutukana na kuchukua chakula chako bila kuomba, na mwenye wajibu wa kukuzika. Reli ya Kati ilipofika, na mashamba ya mkonge ya Kilosa na Kimamba yakaanza kuvuta vibarua kutoka kila kona ya nchi, makabila yaliyokutana kambini yaliukuta utani unayasubiri.

Wataalamu waliufuatilia mapema. R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, alichapisha makala kuhusu utani wa Tanganyika mwaka 1941 na kuendelea mwaka 1944. Alionyesha kwamba makabila mengi yenye utani ni yale yaliyowahi kupigana, kisha yakapatana. Mwaka 1963 James Christensen aliandika juu ya utani wa Waluguru. Mwaka 1966 T. O. Beidelman akaandika juu ya Wakaguru, wenyeji wa wilaya hii hii. Kwa Beidelman, jambo kubwa la mtani wa Kikaguru lilikuwa kuondoa unajisi wa kifo, yaani kufanya kazi za msibani ambazo ndugu hawezi kuzifanya, na matusi yalikuja na kazi hiyo. Hili ndilo wasomaji wa mjini wanalolisahau. Mtani halipwi kicheko bure. Ruhusa ya ulimi wake ameinunua kwa jembe na maji ya kuoshea.

Afrika Magharibi wana ndugu wa utani huu. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza utani wa Niger katika orodha yake ya urithi wa binadamu usioshikika. Wetu bado uko kwenye vinywa vyetu tu, na kwenye magazeti ya michezo, yanayowaita Simba na Yanga watani wa jadi kila wiki ya mechi.

Kabla ya picha ilikuwa sauti. Kwa vijiji kama Tindiga, kichekesho cha kwanza kutoka mbali kilikuja kupitia redio ya betri, na Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na Pwagu na Pwaguzi. Jina hilo limetoka kwenye methali, pwagu hupata pwaguzi, mwizi hukutana na mwizi zaidi yake. Ndani ya maneno hayo mna kanuni nzima ya mchezo: ukitupa kijembe, jiandae, maana anayekisikiliza amekalia kikubwa kuliko chako. Wawili wale hawakumhitaji wa tatu wa kuwaambia wasikilizaji wacheke wapi. Mmoja alisema, mwingine akajibu, na kijiji kizima kilichokizunguka chombo kikajigawa pande mbili.

Jibu hilo hilo ndilo lililoendesha mipasho ya miaka ya 1990. Tanzania One Theatre na Muungano Cultural Troupe walipokuwa wanagombea mashabiki, Khadija Kopa upande mmoja na Nasma Khamis upande wa pili, watu walilipa kiingilio ili kusikia wimbo wa wiki iliyopita unajibiwaje. Onyesho moja lilikuwa na ngoma, sarakasi, taarab na vichekesho, kwa hiyo aliyekuja kwa mipasho alitazama vichekesho, na wa vichekesho akaondoka na mipasho kichwani.

Televisheni ilichelewa kufika Bara. Zanzibar ilikuwa na yake, ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara ilisubiri hadi 1994, ITV ya Reginald Mengi ikiwa miongoni mwa vituo vya mwanzo. Vituo vilihitaji vipindi vya nyumbani vya gharama ndogo, na vikundi vya maigizo vilikuwa tayari. Hapo ndipo nchi ilipowaona kwa macho Mzee Small, yaani Said Ngamba, na Bi Chau. Ugomvi wao ulikuwa wa mume na mke, wa kawaida kabisa: pesa ya matumizi, wageni, wivu. Mzee Small, mwili mdogo na domo kubwa, alianza kwa kubwata, na mwenzake alingoja. Ule ungojaji wa Bi Chau ndio uliokuwa ufundi. Alimwacha mume amalize, akamtazama kutoka utosini hadi kwenye kandambili, ndipo akajibu. Mzee Small alifariki Juni 2014, na nadhani hatujamlipa heshima inayomstahili kwa kutufundisha kwamba mtukanaji lazima akubali kushindwa hadharani.

Kenya walikuwa na jozi yao kwenye kipindi cha Vitimbi: Mzee Ojwang na Mama Kayai. Benson Wanjau, aliyeigiza Ojwang na kufariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu, lakini kwa miaka mingi taifa lilimjua kama mzee wa Kijaluo, mwenye lafudhi ya Kijaluo, anayegombana na mkewe aliyeigizwa na Mary Khavere. Vioja Mahakamani nayo ilipata kicheko chake kwa lafudhi za mashahidi na washtakiwa. Kule kicheko kinakaa zaidi kwenye namna mtu anavyotamka. Kwetu kinakaa kwenye nani ana haki ya kumwambia nani. Hata hivyo mtu wa kabila moja kulivaa kabila jingine kwa upendo kiasi kile, katika nchi ambayo siasa imeyagonganisha makabila hayo mawili tangu miaka ya 1960, ni jambo ninaloliona sawa kabisa na kazi ya mtani.

Kisha ikaja Ze Comedy ya EATV, na kila kitu kikaenda kasi. Joti, Masanja Mkandamizaji, Mpoki, Vengu, Wakuvanga na Mac Regan waliigiza wanasiasa, wachungaji, wanamuziki, bibi wa kijijini na mtoto mtukutu. Mwaka 2008 wakahamia TBC1 na jina likawa Orijino Komedi. Mitaa ilitulia saa ya kipindi. Vijijini kanda na baadaye sidii zilifika kwenye kibanda umiza, jenereta nje linanguruma, ndani watu wamebanana kwenye mabenchi. Huko watazamaji hawakukaa kimya hata dakika moja. Masanja akirusha dongo, mtu wa benchi la nyuma analijibu kabla Joti hajafungua kinywa, na mara nyingine jibu la benchi la nyuma lilikuwa bora. ITV nako, kwenye Mizengwe, mchekeshaji mmoja alijiita Mkwere wakati rais wa nchi alikuwa Jakaya Kikwete, Mkwere wa Msoga. Hakuna aliyeshangaa. Nchi ilichukulia kwamba rais naye ana watani.

Na aliyelijua jibu kuliko wote alikuwa Amri Athumani, Mzee Majuto wa Tanga. Hakuhitaji tusi refu. Uso wake ulikunjika polepole, kama mtu anayenusa kitu asichokijua, akauliza swali moja dogo, la upole, na aliyekuwa anajigamba akabaki hana pa kushika. Alipooanishwa na Sharo Milionea, kijana wa mikogo na Kiswahili cha kuvuta, mkoa wa Tanga uligeuka jukwaa la babu na mjukuu. Utani wa babu na mjukuu ndio mkongwe kuliko wote katika jamii zetu: mjukuu humwita bibi mke wake, na babu humwambia mjukuu kwamba ni mume asiyenunua hata chumvi. Majuto na Sharo hawakuubuni, waliuvaa. Sharo alikufa kwa ajali ya gari Muheza, Novemba 2012. Majuto akamfuata Agosti 2018.

Kuna tusi la aina nyingine, ambalo nguvu yake ni kukosa jibu, na bingwa wake ana uhusiano na wilaya hii. Professor Jay alipoimba Ndio Mzee mwanzoni mwa miaka ya 2000, alimweka jukwaani mgombea anayeahidi mambo yasiyowezekana, na umati unaitikia tu kwa kukubali. Kicheko kinachoma kwa sababu hakuna mtani hata mmoja mle, hakuna wa kumwambia mgombea "na wewe je?" Mwaka 2015 Professor Jay mwenyewe, yaani Joseph Haule, alichaguliwa mbunge wa Mikumi, jimbo lililomo wilayani Kilosa, akalitumikia hadi 2020. Wapiga kura wake walikuwa wanaujua wimbo ule kwa moyo, kwa hiyo kila mkutano wake ulikuwa na jibu linalomsubiri.

Siku hizi mchekeshaji husimama peke yake, kipaza sauti mkononi, au hukaa mbele ya simu chumbani kwake. Namsikiliza, mara nyingi nacheka sana, kwa sababu vipaji vipo. Ninachokikosa ni mtu wa pili. Anamsema mnene aliyekaa safu ya mbele, na mnene yule hana kipaza sauti. Anamsema mtu wa kabila fulani kwa umaskini au ulafi, na hajasema yeye mwenyewe ni wa wapi ili arudishiwe. Kwa sheria ya Kilosa huyo bado hajatania, ametukana tu, na deni lake la msiba liko wazi.

Mara ya mwisho nilipokuwa Tindiga, jioni, kijana mmoja alikuwa anamwonyesha bibi yake kipande cha dakika mbili kwenye simu. Mchekeshaji alikuwa anawasema wanawake wa vijijini, miguu yao, mapishi yao. Bibi aliishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na taa ya sola, akatazama mpaka mwisho. Hakucheka, wala hakuonekana amechukia.

"Anajua kusema," akasema. "Lakini mbona hajibiwi? Mwenzake yuko wapi?"

"Yuko peke yake, bibi. Siku hizi ndivyo wanavyofanya."

Bibi akairudisha simu. "Kwao wapi huyu?"

Kijana hakujua.

"Ulizia," akasema, akivuta ungo wa mchele mapajani. "Akiwa Mnyamwezi, njoo uniamshe hata usiku. Yake ninayo."