Somo la Sita: Hesabu Iliyotiliwa Shaka

Juma lililopita tulieleza jinsi kompyuta inavyopokea hesabu. Leo tutazame jinsi ya kuzikagua.

Tuanze nyumbani. Tuseme umepewa kazi ya kupima mvua. Leo jua limewaka kutwa, unaandika 0. Kesho unaugua, hupimi. Je, uandike 0 tena? Hasha! Sifuri ni kipimo. Kutopima si sifuri. Ukivichanganya, jumla ya mwezi itakuwa ya uongo.

Sasa twende bara la Antaktiki, kusini kabisa mwa dunia. Huko, katika kituo cha Halley Bay, Waingereza walipima ozoni tangu miaka ya 1950. Ozoni ni hewa iliyo juu angani, itukingayo na mionzi mikali ya jua. Zamani, kila Oktoba, walipata kama 300 kwa kipimo cha Dobson. Baadaye hesabu ikashuka, na kufika 1984 ilikuwa karibu 200. Mei 1985 Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin waliitangaza habari hiyo katika jarida la Nature.

Mtauliza: chombo cha Marekani, Nimbus 7, kilichorushwa angani mwaka 1978, hakikuona? Kiliona. Lakini programu ya kukagua vipimo vyake ilipangwa hivi: kila kipimo kilicho chini ya 180 kitiliwe shaka. Basi hesabu za kweli zikawekwa kando kana kwamba ni makosa. Bahati njema, hazikufutwa. Zilitiwa alama tu. Wataalamu walipozichungua upya, waliona upungufu ule umetanda juu ya bara lile. Mwaka 1987 mataifa yalipatana mjini Montreal kupunguza kemikali ziharibuzo ozoni.

Mwaka ule ule wa 1985 ilitolewa kanuni ya hesabu za kompyuta iitwayo IEEE 754. Ndani yake imo alama yenye maana ya "si namba". Ajabu yake, ukiiuliza kompyuta kama alama hiyo ni sawa na yenyewe, hujibu "hapana". Kwa jibu hilo mtunga programu huitambua.

Basi shikeni haya: pasipo na hesabu, msitie sifuri, na hesabu ya ajabu msiifute, itieni alama, kisha ulizeni sababu.

Zoezi: fungueni daftari zenu za matumizi, mhesabu sifuri zilizomo. Ngapi ni sifuri za kweli?

Kwaherini, mpaka juma lijalo.