Imani katika Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Imani ya watu wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma, ina mizizi katika Mungu muumba na katika mahoka, mizimu ya wahenga. Kwa Wamatengo wa Mbinga, Mungu yuko mbali. Mahoka ndio jamaa wanaojulikana kwa majina. Ugonjwa au ukame ukizidi, mkubwa wa ukoo hufanya tambiko kaburini, akiongea na marehemu kama anavyoongea na mzee aliye hai.

Ukatoliki uliletwa na Wabenediktini waliofika Peramiho mwaka 1898. Jimbo la Mbinga liliundwa 1986. Ziwani walitangulia Waanglikana wa misheni ya UMCA. Mmisionari wao William Percival Johnson alizunguka vijiji vya mwambao kwa miongo kadhaa, akafia Liuli mwaka 1928. Kaburi lake hutembelewa na mahujaji hadi leo.

Wapo wanaosali misa asubuhi na kuwakumbuka mahoka jioni. Kuwaita watu hao Wakristo nusu ni kuwakosea: wanamwomba Mungu yuleyule, na marehemu wao ni sehemu ya familia inayoomba. Uislamu nao una waumini wake wilayani Mbinga na Nyasa.