Sikukuu ya Mitumbwi ya Wachina

Wachina walioshiriki kujenga reli ya TAZARA, ipitayo Mbeya, kati ya 1970 na 1975, kwao wana sikukuu ya mashindano ya mitumbwi mirefu yenye kichwa cha joka. Asili yake nini? Husimuliwa kwamba, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, mshairi Qu Yuan aliona nchi yake imeshindwa vitani, akajitosa mtoni. Watu wakapiga makasia mbio wamwokoe, wasimpate. Ninyi wa Iringa mnaye Chifu Mkwawa, aliyejiua mwaka 1898 asikamatwe na Wajerumani. Kumbukumbu yake iko Kalenga. Wachina humkumbuka wao kwa kasia na ngoma. Ninyi mwamkumbuka wenu kwa njia gani? Waulizeni wazee, kisha andikeni majibu daftarini.